Presha Ikipanda Sana: Namna ya Kuishusha kwa Dawa Bila Kuikimbiza

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliye Lamu, mjini au Shela, Matondoni au ng'ambo kisiwani Pate, ambaye amempima mzazi wake au amejipima mwenyewe na kuikuta namba ya juu ya presha imefika 180, au ya chini imefika 110, au zimepita hapo. Hicho ndicho kiwango ambacho matabibu wanakiita presha ya juu sana, na ndicho kinachowatia watu hofu hadi wakafanya mambo yenye madhara kuliko presha yenyewe. Nimefanya kazi ya uuguzi katika visiwa hivi kwa miaka mingi, na nimeona kosa moja likijirudia kwa sura mbili: siku ya kwanza tunaikimbiza presha ishuke saa ile ile, na baada ya miezi mitatu, mgonjwa akijiona mzima, tunaacha vidonge vikatike. Sura zote mbili zimetuzikisha watu. Ninachotaka kueleza ni njia iliyo baina ya hayo mawili, yaani kuishusha presha taratibu kwa dawa zinazofaa, kisha kuishikilia huko chini mwaka baada ya mwaka.

Majina ya dawa na vipimo vyake nimeyataja ili mgonjwa aelewe anachopewa na aweze kumuuliza daktari maswali yenye maana, wala si ili ajinunulie dukani. Kwenye paketi majina haya huandikwa kwa tahajia ya kigeni, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua.

Hatua ya kwanza: Pima upya, na upime sawasawa

Kabla ya kuiogopa namba, hakikisha ni ya kweli. Asubuhi moja nilimkuta mama yangu mdogo ameketi dakani, miguu ameikunja chini yake kama tulivyozoea, kikombe cha kahawa chungu bado kinafuka mkononi, na mjukuu wake amemfunga mkanda wa mashine juu ya mkono wa buibui huku wakizungumza habari za harusi. Mashine ikasoma 204 kwa 118, na kijana akashika simu kutafuta watu wa kumbeba. Nilimwomba asubiri. Bi mkubwa akaenda msalani, akarudi akaketi kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili zikakaa sakafuni, mkono ukavuliwa buibui na kulazwa juu ya meza usawa wa moyo, nasi tukanyamaza dakika tano. Kipimo cha pili kikawa 186 kwa 108. Bado kilikuwa juu na bado kilihitaji dawa siku ile ile, lakini hakikuwa tena kile kilichotaka kumtoa mtu nyumbani mbio.

Kila kitu nilichombadilishia kina kazi yake. Kibofu kilichojaa hupandisha presha, kuzungumza hupandisha, mgongo usioegemea na miguu iliyokunjwa hupandisha, na mkono ukining'inia chini ya usawa wa moyo mashine husoma zaidi ya ilivyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya vivyo hivyo, kwa hiyo mtu mwenye mkono mnene anunue mashine yenye mkanda mpana. Kahawa, sigara, miraa na kazi nzito viachwe nusu saa kabla ya kupima. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja au mbili katikati, uchukue wastani wake, na uandike kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili, na baadaye utumie ule uliosoma juu zaidi. Asiye na mashine amwite mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake, kwa kuwa wahudumu hao walianza kupewa mikoba yenye mashine za presha mwaka 2023.

Hatua ya pili: Tafuta dalili za hatari kabla ya kutafuta kidonge

Namba peke yake haitoshi kuamua haraka inayohitajika. Watu wawili wanaweza kuwa na 190 kwa 120 wote wawili, mmoja akawa anahitaji hospitali dakika hii na mwenzake akawa anahitaji kidonge na miadi ya karibu. Tofauti yao ni kama presha hiyo imeshaanza kuumiza ubongo, moyo, figo au macho. Kwa hiyo muulize mgonjwa, na umtazame, ukitafuta mambo haya: maumivu ya kifua au mgongo yaliyomjia ghafla, pumzi kumkatika, hasa akilala chali, uso kupinda upande, mkono au mguu kulegea, au maneno kumpotea mdomoni, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, au degedege, kichwa kuuma kuliko alivyowahi kuumwa, pamoja na kutapika, macho kuona ukungu au kitu kimoja kuwa viwili, mkojo kuwa kidogo sana au kuwa na damu. Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kuwa dharura.

Mjamzito, na mwanamke aliyejifungua karibuni, ana hesabu yake mwenyewe, na wengi hawaijui. Kwake yeye 160 kwa 110 ni presha ya juu sana, na hata 140 kwa 90 ikiambatana na maumivu ya kichwa, macho kuona vimulimuli au maumivu ya tumbo sehemu ya juu upande wa kulia ni sababu ya kwenda hospitali bila kulala nayo, kwa kuwa kifafa cha mimba hakingoji asubuhi, na hatari hiyo huendelea wiki kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa.

Hatua ya tatu: Kama dalili zipo, safari kwanza

Dharura ya presha hutibiwa kwa dawa za mshipani, mgonjwa akiwa kitandani na kupimwa kila baada ya dakika chache, na jambo hilo haliwezekani nyumbani. Hapa kwetu gumu zaidi ni njia. Anayekaa Faza, Siyu au Kizingitini anajua kwamba mkondo wa Mkanda haupitiki wakati wote, na maji yakipwa mashua hukaa mchangani. Kwa sababu hiyo mwenye mgonjwa wa presha nyumbani asisubiri siku ya dharura ndipo atafute usafiri. Awe na namba za simu za nahodha wawili, ajue ni vijana gani wa mtaa watakaombeba mgonjwa kwenye vichochoro ambamo gari haliingii, na ampigie muuguzi wa kituo cha karibu ili hospitali ya King Fahad mjini Lamu ipate habari kabla mgonjwa hajafika gatini. Ikiwa maji hayaruhusu, mpeleke kwanza kituo chochote cha afya kinachofikika kwa miguu au kwa punda, aanze kuhudumiwa huko.

Njiani mketishe akiwa ameegemea ikiwa pumzi inamsumbua. Anayeshukiwa kuwa na kiharusi asipewe maji, chakula wala kidonge, kwa kuwa koo lake huenda halimezi vizuri na kitu kikaingia mapafuni. Kumbuka saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, ukaiandike, maana hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Chukua pia daftari la vipimo na dawa zote anazotumia, pamoja na paketi zake.

Hospitalini usishangae ukiona presha haishushwi hadi 120 siku ile. Kwa dharura nyingi, kama vile moyo kushindwa na maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba, madaktari hulenga kuipunguza isizidi robo katika saa ya kwanza, kisha kuifikisha karibu na 160 kwa 100 katika saa mbili hadi sita zinazofuata, na kuendelea taratibu siku moja au mbili. Mjamzito mara nyingi hupewa labetaloli au hidralazini, pamoja na dawa ya kuzuia kifafa. Kwa kiharusi cha mshipa ulioziba presha huweza kuachwa juu kwa makusudi kwa siku moja au mbili, ili damu iendelee kuifikia sehemu ya ubongo inayopigania uhai, na huenda mgonjwa akapelekwa Malindi au Mombasa kupigwa picha ya ubongo. Kuna hali moja kubwa isiyofuata utaratibu huu: mshipa mkubwa wa kifua ukichanika, hapo presha hushushwa haraka kweli, na huo ni uamuzi wa daktari pekee.

Hatua ya nne: Kama dalili hazipo, usiikimbize

Hii ndiyo hatua inayokosewa kuliko zote, na nitakaa nayo kidogo.

Mwili wa mtu aliyeishi na presha ya juu kwa miaka umeizoea. Mishipa ya ubongo wake imejibana ili damu isiingie kwa kishindo, nayo haiwezi kujiachia kwa dakika kumi. Ukiishusha presha ghafla kutoka 200 hadi 120, mishipa ile inabaki imebanwa huku msukumo umeondoka, na ubongo unakosa damu. Ni sawa na jahazi lililopitishwa mkondoni maji yakiwa yamejaa: maji yakipwa taratibu nahodha hupata nafasi ya kulitoa, na yakipwa mara moja linakaa hapo hapo lilipo. Moyo na figo nazo huumia vivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo ile tabia ya kutoboa kidonge laini cha nifedipini na kumdondoshea mgonjwa chini ya ulimi imekatazwa na wataalamu tangu miaka ya 1990, baada ya kuonekana kwamba iliwasababishia watu kiharusi na mshtuko wa moyo. Bado kuna wanaoifanya. Jirani yetu mmoja, mzee aliyeingia kwa miguu yake katika kliniki moja kwa ajili ya kuumwa na jino, alipimwa akakutwa na 210, akawekewa dawa hiyo chini ya ulimi, na kabla ya adhuhuri mkono wake wa kulia ulikuwa hauinuki. Aliishi miaka minne zaidi, akila kwa mkono wa kushoto, jambo lililomuumiza kuliko maradhi. Ikiwa mtu anakuambia afungue kinywa cha mzazi wako kwa ajili ya dawa ya namna hiyo, kataa kwa adabu, na umwombe dawa ya kumeza ifanyayo kazi polepole.

Badala ya hayo, mlaze au mketishe mgonjwa mahali pa kimya na penye hewa, bila wageni wa kumjulia hali mmoja baada ya mwingine, na umpime tena baada ya nusu saa. Presha ya wengi hushuka kwa mapumziko hayo pekee. Mpe parasetamoli ikiwa ana maumivu, maana maumivu na hofu hupandisha presha. Kisha uliza swali ambalo mara nyingi ndilo lenye jibu: dawa zake amezimeza lini mara ya mwisho? Akiwa aliziacha, na ni dawa alizoandikiwa kweli, ameze dozi yake ya kawaida ya siku hiyo, isiwe mbili, wala asijazie zile za siku zilizopita. Halafu aonane na tabibu siku hiyo hiyo, au kesho yake kama maji na usiku vimezuia, na mtu akae naye akiangalia dalili za hatua ya pili.

Hatua ya tano: Dawa za kuanzia na kinachotarajiwa

Kituoni atapimwa mkojo kuona kama una protini au damu, na inapowezekana damu kwa ajili ya kreatinini (inayoonyesha kazi ya figo), potasiamu na sukari, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Vipimo hivi ni muhimu, lakini Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kwamba kukosekana kwake kusicheleweshe dawa kuanza, na hilo ni neno la maana kwa sisi ambao maabara huwa ng'ambo.

Mwenye presha ya kiwango hiki kwa kawaida huanzishiwa dawa mbili kwa pamoja, kwa kuwa moja haitoshi, na dozi ndogo za dawa mbili huleta nafuu zaidi na usumbufu mdogo kuliko dozi kubwa ya moja. Makundi makuu ni matatu. La kwanza hulegeza kuta za mishipa, na dawa yake inayojulikana zaidi ni amlodipini, miligramu 5 mara moja kwa siku, inayoweza kufikishwa 10. La pili huzuia homoni inayobana mishipa, nalo lina losartani, miligramu 50 hadi 100 kwa siku, na ndugu zake kama enalaprili. La tatu hutoa chumvi na maji ya ziada kwa njia ya mkojo, na humo kuna haidroklorotiazidi, miligramu 12.5 hadi 25, na indapamidi. Utafiti uitwao CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019 baada ya kufanywa kwa wagonjwa weusi katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba jozi zenye amlodipini ndani yake zilishusha presha vizuri kuliko jozi isiyokuwa nayo. Ndiyo maana wengi wetu tunaiona amlodipini kwenye karatasi yetu ya dawa.

Amlodipini haifanyi kazi kwa saa moja. Huchukua wiki moja hadi mbili kufika nguvu zake zote, na mgonjwa asiyejua hilo hurudi dukani siku ya tatu kulalamika kwamba dawa ni dhaifu, akaongezewa nyingine juu yake, na wiki ya pili akaanguka akiinuka kitandani. Mgonjwa apimwe tena ndani ya wiki moja, na baadaye kila baada ya wiki mbili hadi nne, dozi ikiongezwa hatua kwa hatua. Lengo la siku za mwanzo ni kushuka chini ya 160 kwa 100; lengo la miezi miwili au mitatu ni chini ya 140 kwa 90; na mwenye kisukari, maradhi ya moyo au ya figo huhitaji namba yake ya juu iwe chini ya 130 ikiwa anaweza kuivumilia. Mzee anayepata kizunguzungu akisimama apimwe pia akiwa amesimama.

Atenololi bado imo katika nyumba nyingi. Haifai kuwa ya kwanza kwa presha isiyo na maradhi ya moyo, mwenye pumu huweza kudhurika nayo, na mtu aliyeizoea asiiache ghafla, kwa kuwa presha na mapigo ya moyo hurudi kwa nguvu. Mwanamke mwenye mimba au anayeitarajia asitumie losartani wala enalaprili, zinazomdhuru mtoto tumboni. Kwake kuna metildopa, labetaloli, au nifedipini ya kidonge kinachoyeyuka polepole, kinachomezwa kizima bila kutafunwa.

Hatua ya sita: Madhara ya dawa, na lipi la kuvumilia

Mtu huacha dawa kwa sababu ya madhara ambayo hakuelezwa. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, hasa kwenye dozi ya 10, na uvimbe huo hautokani na figo kuharibika. Dawa ya kukojoa haiuondoi, bali kupunguza dozi au kuongeza losartani husaidia. Enalaprili huleta kikohozi kikavu ambacho watu hukitibu kwa miezi kama kifua, na dawa yake ni kubadilishiwa losartani. Midomo, ulimi au uso ukivimba baada ya enalaprili, hilo halivumiliwi hata kidogo: acha dawa hiyo na uende hospitali mara moja, wala usiimeze tena maisha yako. Losartani na enalaprili hazitumiwi kwa pamoja, na anayetumia mojawapo apimwe potasiamu na figo wiki chache baada ya kuanza. Mwenye figo dhaifu aulize kabla ya kunywa madafu kwa wingi au kununua ile chumvi mbadala yenye potasiamu, kwa kuwa potasiamu ikijaa mwilini inaweza kusimamisha moyo.

Dawa ya kukojoa humezwa asubuhi ili isikatize usingizi. Wanawake wengi wa visiwani waliniambia, baada ya kuulizwa kwa upole, kwamba huiruka siku ya safari kwa sababu mashua haina msala. Hakuna haja ya kuiruka: siku hiyo imeze baada ya kushuka gatini.

Hatua ya saba: Yanayoiharibia dawa kazi yake

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazomezwa kila siku kwa ajili ya magoti na kiuno, hupandisha presha na kuumiza figo, hasa zikichanganywa na losartani pamoja na dawa ya kukojoa. Dawa za mafua zenye kuzibua pua, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, na prednisoloni nazo zina athari hiyo. Miraa na muguka hubana mishipa na kuharakisha moyo, na anayetafuna jioni nzima kisha akameza amlodipini anavuta kamba pande mbili.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Sufuria ya wali wa nazi inaweza kupunguziwa bila mtu kulalamika baada ya wiki mbili. Kazi iko kwa ng'onda, papa, achari na viazi karai vya jioni. Anayeshindwa kuacha ng'onda amloweke usiku kucha, ayamwage maji, amchemshe na kuyamwaga tena, na bado amle mara chache. Habasoda na kitunguu saumu havina ubaya kama kiungo, lakini visichukue nafasi ya kidonge, na daktari aambiwe kuhusu dawa zozote za miti anazokunywa mgonjwa.

Hatua ya nane: Vidonge visikatike

Hesabu vidonge kila Ijumaa. Vikibaki kumi, ndiyo siku ya kutafuta vingine, wala si vikibaki viwili. Kusi linapovuma kwa nguvu, hasa kati ya Juni na Agosti, safari huahirishwa na mizigo huchelewa, kwa hiyo mwombe daktari akuandikie za miezi miwili au mitatu kabla ya msimu huo. Jisajili mapema na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF tangu Oktoba 2024, ili usisimamishwe mapokezi siku unayoumwa.

Weka vidonge ndani ya karatasi zake za kiwandani mpaka saa ya kumeza, mahali pakavu pasipo na joto la jiko wala jua la dirishani, kwa maana hewa yetu ya bahari huvilainisha vikiwa wazi. Pindo la leso si mahali pake. Na soma jina, usitazame rangi: amlodipini ya kiwanda kimoja huwa nyeupe na ya kingine ya manjano, nami nimekuta mtu akimeza zote mbili asubuhi akidhani ni dawa mbili tofauti.

Ukisahau dozi, imeze ukikumbuka siku ile ile. Ukikumbuka kesho yake, endelea na ya kesho, bila kuzirundika. Mwezi wa Ramadhani mwone daktari wakati wa Shaabani. Dawa za mara moja kwa siku huhamishwa hadi futari, na dawa ya kukojoa ni heri imezwe futari kuliko daku, ili mwili usikaukiwe mchana. Mtu ambaye presha yake bado inagusa 180, au moyo na figo zake zimechoka, asifunge hadi itulie. Qurani imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na ruhusa hiyo ni yake.

Hatua ya tisa: Ikikataa kushuka

Ikiwa dawa tatu kwa dozi kamili, mojawapo ikiwa ya kukojoa, hazijaifikisha chini ya 140 kwa 90, usiongeze ya nne kabla ya kurudi nyuma. Leta paketi zote mezani na uhesabu vilivyobaki. Angalia tena mkanda wa mashine. Uliza juu ya diklofenaki, miraa na ng'onda. Uliza kama mgonjwa anakoroma na kukatika pumzi usingizini. Mara nyingi kisa hupatikana hapo. Kisipopatikana, daktari atachunguza figo na tezi zilizo juu yake, hasa kwa kijana aliye chini ya miaka 30 au mwenye potasiamu ndogo, na huenda akaongeza spironolaktoni, miligramu 25, ambayo huwafaa wengi walioshindikana, ila potasiamu ipimwe.

Mama mdogo sasa husoma 134 kwa 82. Mwezi uliopita aliniuliza, "Mwanangu, si nimeshapona? Mbona bado wanitia vidonge?" Nikamfungulia daftari ukurasa wa kwanza, palipoandikwa 186, na ukurasa wa mwezi ule aliokwenda kwa binti yake Malindi akasahau dawa siku tisa, palipoandikwa 178. Aliziangalia zile namba kwa muda, akaniagiza nimletee maji, akameza.